Aliyepona Aage

Sehemu ya tisa: Boliti tatu

Viatu viwili vya kike, rangi ya manjano. Viatu viwili vya kiume, vyeusi kwa oili. Hivyo ndivyo daktari wa meno alivyoviona mwishoni mwa sehemu ya wiki iliyopita, akiwa amelala chali chini ya gari lake mwenyewe, spana mkononi, boliti tatu zimeshalegea na ya nne inasubiri zamu yake.

Wageni walikuwa wamewahi kwa saa nzima.

Msomaji mmoja amenipigia simu kuniambia huyu daktari ni mpumbavu. Sikubishana naye. Lakini wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, ngoja nikuonyeshe upumbavu wenyewe ulivyoanza, halafu tutamtoa mtu chini ya gari.

Daktari ana miaka sitini na moja, na chumba chake cha kutibia meno kipo mbele ya nyumba yake. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Binti yao wa pekee anaishi mbali na mume na watoto wanne. Kwa ajili yao daktari alikwenda yadi akanunua gari kubwa la kifahari, lililokwisha kutumiwa na mwingine, lenye viti saba vya ngozi. Binti akasema, mwaka huu hatuwezi baba, labda mwakani. Mwakani ikaja, ikapita. Viti sita vya gari lile havijui uzito wa mtu tangu litoke yadi.

Kisha gari likaanza kugonga. Kila akitoa gia kwenye P kuweka kwenye D, kishindo kinapiga chini ya sakafu, kwaa! Katika kuhangaika, akaingizwa kwenye kundi la simu la watu wenye magari ya aina ile ile, wote waliouziwa yanayong'aa nje na kuumwa ndani. Humo hakuna majina. Mtu anaitwa kwa ugonjwa wa gari lake. Yupo Mvujo, yupo Gia ya Tatu, na yupo mwanamke aitwaye Mtetemo, ambaye gari lake hutetemeka likifika mwendo wa themanini. Daktari akawa Kishindo. Mkubwa wa kundi ni fundi mzee anayeitwa Sikio. Unamtumia sauti ya gari kwenye simu, anasikiliza, anakuambia kilichokufa.

Sikio ana sheria moja tu: aliyepona aage. Gari likitengemaa unashukuru, unaaga, na siku hiyo hiyo anakutoa ili wagonjwa wapate nafasi ya kusikika.

Gari la Kishindo lilipona miezi minne iliyopita. Ilikuwa ni kile kiungo cha propela, mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, ambacho mafundi hukiita krosi, kilikuwa kimekwisha, kikabadilishwa kwa nusu saa. Hakuaga.

Hakuaga kwa sababu kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mtetemo humwuliza: "Kishindo, umeamkaje? Leo limegonga?" Na duniani kote hakuna mtu mwingine anayemwuliza ameamkaje. Basi kwa miezi minne mtu mzima yule, mwenye cheti ukutani, amekuwa akigonga sinia la chuma kwa kinyundo cha meno, anarekodi, anatuma. Mpaka Sikio akasema ugonjwa huu umenishinda kwa simu, Jumamosi ninakuja kuusikia mwenyewe, na Mtetemo ananileta.

Sasa umeelewa boliti zililegezwa kwa nini. Turudi uani.

"Daktari," sauti ya Sikio ilisema kutoka juu. "Toka huko. Kazi ya kulala chini ya gari ni yangu."

Kishindo alitia spana mfukoni, na kile kioo kidogo cha kukagulia meno alichokuwa akitazamia boliti nacho akakitia mfukoni. Kichwani alikuwa amelalia kamba nene ya kuvutia magari, ameikunja akaifanya mto. Aliisukuma kwa kiwiko nyuma ya chungu cha maua, isije ikazua maswali. Halafu akajivuta nje.

Kwa mara ya kwanza aliiona sura ya ile sauti ya asubuhi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani, nywele za mvi amezisuka vizuri, na macho ya mtu asiyeharakishwa. Aliwahi kumwambia kwamba alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, na kwamba gari lile aliachiwa na kaka yake.

"Nilidhani wewe ni mrefu," alisema Mtetemo.

"Mimi?"

"Sauti yako ni ya mtu mrefu."

"Nimeinama kwenye midomo ya watu miaka thelathini na tano. Nadhani nilifupikia huko."

Mtetemo alicheka. Kicheko kilikuwa kile kile cha kwenye simu, na Kishindo akajisikia vizuri na vibaya kwa wakati mmoja.

"Karibuni," alisema. "Mmewahi."

"Tulitoka mapema," Mtetemo alisema. "Wajua tena mimi na mtetemo wangu, siendi zaidi ya hamsini."

"Hamsini!" Sikio alidakia. "Baiskeli zimetupita. Mwenye baiskeli moja alitupungia mkono. Haya, daktari, liwashe. Sikuja kupunga upepo."

Kishindo alipanda. Mguu kwenye breki. Akatoa gia kwenye P, akaweka D.

Kwaa!

Ilikuwa kweli. Ilitoka chini ya sakafu, ikampanda mgongoni, kama zamani. Mtetemo alipiga makofi pale nje. "Ndiyo hiyo! Fundi, ndiyo yenyewe!"

Nami nasema ukweli, Kishindo alifurahi. Alifurahi kama mtu aliyempata mgonjwa wake akiwa bado mgonjwa, halafu akaona aibu kwa kufurahi.

Sikio alikuwa ameinamisha kichwa, macho ameyafumba.

"Rudia."

Kwaa!

"Tena."

Kwaa!

Fundi alifumbua macho. "Siyo hii."

"Siyo hii nini?" Kishindo aliuliza.

"Siyo hii unayonitumia. Ya kwenye simu ni kavu, inalia juu juu. Hii ni nzito, inatoka chini. Daktari, pole sana. Gari lako lina magonjwa mawili."

"Maskini wewe," alisema Mtetemo, na akamshika mkono kupitia dirishani.

Msomaji, usiupite haraka mkono huo. Daktari anashika mashavu ya watu kutwa nzima, tena kwa glavu. Yeye mwenyewe hakumbuki mara ya mwisho kushikwa ilikuwa lini. Alikaa pale, injini inanguruma, akatamani asiteremke.

Sikio alikwisha kuanza kukunja mikono ya shati. "Naingia chini."

"Chai kwanza!" Kishindo aliruka kutoka garini. "Mmetoka mbali. Hamuwezi kuingia chini ya gari langu kabla hamjaingia ndani ya nyumba yangu."

"Gari kwanza."

"Fundi," alisema Mtetemo, "tumekuja kwa hamsini. Mimi nina kiu."

Basi wakaingia. Kikombe cha kila siku kilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, pamoja na sahani moja, uma mmoja na kijiko kimoja. Vikombe vingine viwili vilibidi vitafutwe juu kabisa ya kabati, vikafutwe vumbi. Mtetemo aliweka funguo za gari lake mezani kando ya kopo la sukari, akaketi, akatazama. Meza ilikuwa na viti sita. Kimoja tu ndicho kilichokuwa kimechakaa.

"Na wewe unakula peke yako," alisema polepole.

"Kutwa nzima naongea na watu," Kishindo alisema akiwa ameshika birika. "Lakini midomo yao iko wazi na vidole vyangu vimo ndani. Nawauliza habari za nyumbani, wananijibu aa, aa. Jioni nikifunga mlango, nagundua sijajibiwa na mtu siku nzima."

Sikio alikuwa anakoroga chai kwa bidii, kama mtu asiyetaka kusikia mambo yasiyohusu vyuma.

"Mimi niliandika maneno ya watu miaka thelathini," Mtetemo alisema. "Shahidi kasema hili, mshtakiwa kasema lile. Hakuna aliyeniuliza langu. Ndiyo maana naipenda ile saa kumi na mbili na nusu. Nikiamka nakuta kuna mtu wa kumwuliza hali."

Kishindo aliweka birika chini. Mwambie, alijisemea. Mwambie sasa hivi, kabla fundi hajalala chini na kukuta spana imepita.

"Mtetemo," alianza. "Kuna jambo."

Simu tatu zililia kwa pamoja.

Ilikuwa sauti ya Gia ya Tatu, mwalimu wa hesabu ambaye hata kundini huzungumza kwa utaratibu. Leo utaratibu ulikuwa umemwishia. "Jamani, nimekwama kilima cha darajani, katikati ya mpando. Gia hazishiki, hata moja. Nimeweka jiwe nyuma ya tairi lakini ni dogo. Malori yanapita. Mama yangu yumo ndani na hataki kushuka, anasema viatu vitachafuka. Aliye karibu anisaidie, tafadhali."

Sikio alikwisha kusimama. "Darajani ni dakika kumi na tano toka hapa. Twendeni tukamvute."

Mtetemo alinyakua funguo zake. "Twende na langu."

"Langu gani? Linalotetemeka? Uvute gari zito kupanda kilima na propela inacheza? Litaachia katikati ya mpando, tuwe na magari mawili ya kuvuta. Tunachukua la daktari. Lina nguvu, na kugonga kwake ni kwenye kuweka gia tu."

Mtetemo alifungua mdomo. Akaufunga. Akazirudisha funguo mezani, taratibu sana, kando ya kopo la sukari.

"Daktari, kamba unayo?"

"Ipo nyuma ya gari, siku zote," Kishindo alijibu kwa mazoea. Akili yake haikuwa kwenye kamba. Akili yake ilikuwa kwenye boliti tatu.

Walipofika uani, fundi alikuwa ameshapanda kiti cha dereva na injini inawaka.

"Ngoja!" Kishindo alisema. "Nipe dakika mbili niingie chini."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia."

"Kuangalia nini? Mama wa mtu yuko kilimani! Panda au pisha."

Hapo, msomaji, maji yalikuwa shingoni. Akinyamaza, fundi na Mtetemo wataondoka na propela iliyoshikiliwa na boliti moja, waipakie uzito wa gari la pili, kwenye kilima chenye malori. Akisema, ndio mwisho. Mwisho wa Kishindo, na mwisho wa saa kumi na mbili na nusu.

Alikwenda mbele ya gari akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti.

"Zima."

"Daktari, umepatwa na nini?"

"Zima gari, fundi. Boliti tatu za propela ya nyuma zimelegea."

"Umejuaje?"

Kishindo alitoa spana mfukoni, akaionyesha. "Nimezilegeza mimi."

Injini ilizimika. Sikio alishuka, akaichukua ile spana bila neno, akalala chini, akapotea. Yakabaki maviatu yake meusi yamechomoza. Sauti ya spana ilianza kusikika, krii, krii, na maswali yakawa yanatoka chini pamoja nayo.

"Kwa nini?"

"Ili ligonge."

"Kwani lilikuwa haligongi?"

"Lilipona. Mwezi wa nne huu."

Spana ilinyamaza. Kisha ikaendelea. Krii.

"Na zile sauti?"

"Kinyundo. Na sinia la vyombo vya meno."

"Kila asubuhi?" Hilo sasa lilitoka kwa Mtetemo, aliyekuwa amesimama kando, mikono ameikumbatia.

"Kila asubuhi."

"Hata ile wiki niliyosoma kile kitabu cha ufundi ukurasa kwa ukurasa, nikikutafutia dawa?"

"Hata wiki ile."

"Kwa nini usiniambie mimi peke yangu?"

"Ningekuambia, ningelazimika kuaga," Kishindo alisema. "Na nikiaga, asubuhi ingekuwa kama zilivyokuwa asubuhi zote kabla yako. Sikuziweza, Mtetemo. Nilishindwa."

Mtetemo alitazama viatu vyake vya manjano, akavitazama sana.

Sikio alitoka chini, akajipangusa.

"Zimekaza. Miaka arobaini nasikiliza magari, na leo nimegundua nilikuwa natibu sinia." Hakutabasamu. "Ningecheka, daktari. Lakini unamkumbuka Mvujo? Mwezi uliopita aliuliza swali asubuhi, oili ya giaboksi inayovuja imegeuka nyeusi, aendeshe au asiendeshe. Swali lake likafukiwa na vishindo vyako, na nilikuwa nakujibu wewe. Nililiona siku ya pili. Alikuwa ameshaendesha, giaboksi imeungua. Yule mama anatembea kwa miguu mpaka leo."

Kishindo alijua kwamba Mvujo aliharibikiwa. Hakujua kwamba chanzo ni yeye.

"Aliyepona aage," alisema Sikio. "Wewe hukuaga. Basi nakuagia mimi."

Akatoa simu, akabonyeza kwa kidole gumba chenye grisi. Mfukoni mwa Kishindo simu ililia mara moja tu, kidogo.

"Tutakurudishia gari lako. Mtetemo, panda."

Mtetemo alipanda kiti cha mbele bila kumtazama mwenye gari. Hatimaye mtu mwingine amekalia kiti kimoja cha lile gari, na mwenyewe hayumo. Lilitoka getini kimya. Halikugonga hata kidogo.

*

Umeondolewa. Ndivyo simu ilivyosema, neno moja.

Kishindo alirudi ndani. Vikombe vitatu mezani, kimoja, cha Mtetemo, kina chai nusu na bado inatoa mvuke. Alikaa mbele ya kile kikombe kama anayemsubiri mwenyewe atoke kunawa mikono. Nyumba ilikuwa na ukimya wake ule ule, friji likiunguruma na kuacha, likiunguruma na kuacha. Alifikiria kumpigia binti yake. Akakumbuka kwamba binti hupiga Jumapili ya kwanza ya mwezi, na leo ni Jumamosi ya tatu.

Alitoka nje ili asilie ndani. Na pale uani, nyuma ya chungu cha maua, aliiona kamba.

Ile kamba ya kuvutia. Ile aliyosema ipo nyuma ya gari, siku zote.

Alipiga simu ya Sikio. Haikupokelewa. Akapiga ya Mtetemo. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Nani angepokea simu ya mtu kama yeye? Na kule kilimani jiwe ni dogo, na mama wa mtu anaogopa viatu vyake kuchafuka.

Kando ya kopo la sukari zilikuwapo funguo za Mtetemo.

Wapo watakaoniandikia kwamba kuchukua gari la mtu bila ruhusa ni wizi. Najua. Hata yeye alijua, na bado akazichukua. Lakini mtu aliyekwisha kuitwa mwongo mbele ya mwanamke anayempenda hana tena heshima kubwa ya kuilinda. Naam, nimesema anayempenda. Yeye mwenyewe alilijua hilo wakati anaitupa kamba kwenye kiti cha nyuma.

Magoti yake yaligonga usukani, kwa kuwa Mtetemo alikuwa amekivuta kiti mbele na kukiwekea mto mdogo. Kwenye kioo cha ndani kilining'inia kidoli cha kitambaa. Kishindo aliwasha, akatoka getini, akashika barabara.

Alikwenda arobaini. Akaenda hamsini. Barabara ilifunguka, dakika zinakimbia, akakanyaga mafuta na kujikaza, kwa sababu alijua kitakachokuja. Ameusikia mtetemo ule kwa mdomo wa Mtetemo asubuhi ngapi? Unaanzia kwenye sakafu, Kishindo, unapanda usukani, mpaka meno yananigongana. Sitini. Sabini. Aliushika usukani kwa nguvu zake zote. Sabini na nane.

Themanini.

Akangoja.

Themanini na tano. Tisini. Usukani ulikuwa umetulia mikononi mwake. Alikitazama kidoli kwenye kioo. Kilikuwa kimening'inia wima, hakichezi.

Akadhani amekosea. Akapunguza mpaka sitini, akapanda tena, themanini, tisini. Gari lilikwenda kama liko kwenye zulia.

Halikuwa na mtetemo. Halikuwa na ugonjwa wowote. Gari la Mtetemo lilikuwa zima.

Sitakuambia lilipona lini, maana hata Kishindo hakujua. Lakini alikumbuka funguo zikirudishwa mezani taratibu. Alikumbuka hamsini, na baiskeli zikiwapita. Alikumbuka ule mdomo uliofunguka ukafungwa, na macho yaliyotazama viatu. Kumbe Mtetemo hakuwa anamchukia. Alikuwa anamsikiliza mtu akiungama dhambi iliyo yake pia, neno kwa neno.

Simu iliita. Aliiweka kwenye spika.

"Kishindo?" Ilikuwa sauti ya Mtetemo, nyuma yake malori yananguruma. "Tumefika. Kamba haimo."

"Ninayo mimi. Nimewapigia hampokei. Nakuja nayo, nimekaribia daraja."

"Unakuja na nini?"

Kishindo alimeza mate. "Na gari lako. Nisamehe. Niliona funguo."

Sauti ya Mtetemo ikawa ndogo.

"Uko mwendo gani?"

"Tisini."

Kisha sauti nyingine ikaingia, na Kishindo akaelewa kwamba hata kule simu iko kwenye spika.

"Tisini?" alisema Sikio. "Gari la Mtetemo, tisini? Linatetemeka?"

Kishindo alikitazama kidoli.

"Daktari, nakuuliza wewe. Linatetemeka?"

"Barabara hii ni mbaya, fundi."

"Barabara hiyo niliipita sasa hivi, ni lami mpya. Funga vioo. Weka simu karibu na gia, usiseme kitu. Na sisi tunafunga huku. Nitasikia mwenyewe."

Vioo vilipanda kule, malori yakafifia. Kishindo akapandisha vyake. Akaiweka simu kando ya gia. Ukimya ulijaa ndani ya gari, na ndani ya ukimya ule mtu yeyote mwenye masikio angejua kwamba hakuna kinachotetemeka. Sikio anayo masikio.

Mkono wa kushoto wa Kishindo ulijiinua wenyewe. Vidole vilijikunja juu ya plastiki ya dashibodi. Miezi minne ya mazoezi, msomaji. Anajua kugonga hafifu, anajua kugonga mfululizo, anajua jinsi ya kuifanya sauti itoke mbali. Kidogo tu, trr, trr, trr, na Mtetemo atabaki kundini, atabaki na watu wa kuwauliza wameamkaje.

"Kishindo," Mtetemo alisema kwenye simu. "Usigonge."

Vidole vilisimama hewani.

"Usigonge kitu. Mwache asikie."

Wakasikiliza wote watatu. Gari zima lilikwenda.

"Limepona," Sikio alisema mwishowe. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka. "Lini?"

"Mwezi wa sita huu," Mtetemo alijibu.

"Kabla yake yeye?"

"Kabla yake."

"Basi unajua sheria."

"Naijua. Nilizoea kuandika hukumu za watu, fundi, ya kwangu sitabisha. Naaga." Yaliyofuata hakuwa anamwambia fundi. "Lakini Kishindo, kesho saa kumi na mbili na nusu, nikiamka, nikuulize nini sasa? Wewe gari lako zima, mimi langu zima. Tutaanzia wapi?"

Kishindo alikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, lilikuwa limekaa kifuani miezi mingi, na sasa hakukuwa na sinia wala kinyundo cha kulificha. Alivuka daraja, akakata kona, kilima kikamfungukia mbele.

Kule juu aliliona gari lake mwenyewe limeegeshwa, limeupa mpando mgongo, vioo vyake vimefungwa, na vichwa viwili ndani vimeinamia simu. Kando ya barabara Gia ya Tatu alikuwa ameinama mtaroni akitafuta jiwe kubwa zaidi. Na katikati ya mpando hakukuwa na gari lililokwama. Lile jiwe dogo lilikuwa limeteleza. Gari lilikuwa linashuka kinyumenyume, polepole, kisha si polepole, linamjia yeye, na kwenye kioo chake cha nyuma kilionekana kisogo cha mama mzee, amekaa wima, hana habari.

Kishindo aliushika usukani wa gari zima kwa mikono miwili.

"Kishindo?" sauti iliuliza kutoka kando ya gia. "Mbona umenyamaza? Upo?"